Bahasha ya Gari

Gari langu lilikuwa limebakiza siku nne. Stika ya usalama barabarani kwenye kioo cha mbele ilikuwa imepauka kwa jua la Njiro, lakini tarehe ilisomeka vizuri, na fundi wangu alishaniambia nisijisumbue kulipeleka kwenye ukaguzi. Sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, breki za nyuma zinapiga kelele, usukani unacheza. Alisema hata askari mwenye roho nzuri namna gani asingelipitisha, bora nilitoe nichukue jingine. Nikamjibu sawa. Mwaka ule nilikuwa mtu wa kujibu sawa.

Miaka yote ya nyuma, aliyekuwa akilipeleka kwenye ukaguzi ni mdogo wangu wa kiume, anayeishi Makumira. Mimi ni mtumishi wa serikali, siku nzima niko ofisini. Yeye anapenda magari kuliko anavyopenda watu. Alikuwa akilichukua na kulirudisha limeoshwa, lina stika mpya, na nyuma kuna mkungu wa ndizi ambao sikuuomba. Mara ya mwisho alilichukua kabla ya msiba, akalirudisha wiki tatu baada ya kumzika mama kule Machame. Wakati huo hatukuwa tunaongea. Msibani, mbele ya ukoo mzima, alikuwa ameniambia kwamba nilikuwa namtumia mama hela kama mtu anayenunua umeme wa luku, ilimradi taa isizimike. Kuna waliocheka. Sikulia, si siku ile wala siku ya kuzika.

Aliliacha gari nje ya geti, funguo akampa jirani, akanitumia ujumbe mmoja: "Dada, fungua bahasha ya gari." Bahasha yenyewe ni ile ya kaki inayokaa kwenye kisanduku cha mbele, yenye kadi ya gari na makaratasi ya ukaguzi. Nilijisemea, mtu ananivua nguo msibani halafu ananiletea habari za makaratasi. Sikuifungua. Bima siku hizi iko kwenye simu, na askari wote walionisimamisha waliangalia leseni na stika wakanipungia mkono nipite. Bahasha ikakaa humo mwaka mzima.

Mwaka wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Krismasi sikwenda Machame, mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kwa nini. Nilikaanga kuku, nikamla mbele ya televisheni, sikusikia ladha. Baada ya Pasaka kulikuwa na harusi Moshi. Nilimkuta shangazi, dada yake baba, aliyenilea miaka miwili nilipokuwa mdogo, nikainama nikampa shikamoo. Akageukia upande wa pili. Nikadhani masikio yake yameanza kuchoka, nikarudia kwa sauti. Akamwomba mtu amletee soda. Haikuniuma. Nilikula pilau yangu, nikarudi Arusha.

Basi nikaenda yadi moja ya magari njia ya Kisongo. Pale unaacha gari lako kuukuu, wanalithaminisha, unaongezea, unaondoka na jingine lililotoka Japani. Nilichagua la kwanza nililoonyeshwa, dogo, la rangi ya fedha. Muuzaji, mwanaume wa makamo ambaye kwa lafudhi tu nilimjua ni Mchaga mwenzangu, aliniuliza kama ningependa kulijaribu kwanza. Nikasema hakuna haja. Akaniangalia kama mtu anayepima homa kwa macho, kisha akaomba kadi ya gari langu.

Nikaitoa bahasha, nikaimwaga juu ya boneti. Ikatoka kadi, ikatoka karatasi ya ukaguzi wa mwaka jana, na nyuma yake likatoka jani la isale. Lilikuwa limekauka, limefungwa fundo katikati.

Kwetu isale ndiyo tunayopanda mipakani na kwenye makaburi, na jani lake ndilo anakuja nalo mtu anayeomba msamaha. Ukiletewa, hukai ukafikiria. Hata kama amekuchomea nyumba, unalipokea na mambo yanaisha. Anayelikataa hakuna kikao kinachomwita kumhukumu. Watu wanamwacha tu. Kwa kawaida analileta mtu mzima wa ukoo, mkononi, kwa maneno. Kulitia kwenye bahasha na kuliacha ndani ya gari ni jambo ambalo angelifanya mdogo wangu peke yake, mwenye mdomo mkali mbele za watu na haya nyingi pembeni.

Muuzaji aliondoa mkono wake kwenye boneti.

"Mama, hili umeletewa lini?"

"Mwaka jana."

Akakusanya makaratasi taratibu, akayarudisha kwenye bahasha, jani akaniachia. Akasema lile gari la fedha halina pa kwenda, nitalikuta. Stika yangu ilikuwa bado hai, nikatoka nalo hilohilo bovu, nikakata mji, nikapita Tengeru kuelekea Makumira, breki zikilia kila kwenye tuta. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu. Sikuwa nawaza chochote cha maana.

Mdogo wangu alifungua geti kabla sijapiga honi. Alizijua zile kelele. Alikuwa amepungua, na ndevu zimeingia mvi. Nikalitoa jani dirishani.

"Nimefungua bahasha leo," nikasema.

"Leo?"

"Leo. Yadi, wakati wa kutafuta kadi."

Akakaa kwenye ngazi ya baraza. Aliniambia kwamba alisubiri hadi Krismasi, na aliponiona siji akamwambia shangazi kuwa nimelikataa jani la isale, na shangazi akawaambia wengine. Alisema alikuwa na hakika kwamba kile kimya changu ndilo jibu. Nilimhurumia. Nikashangaa kwamba namhurumia, kisha kifua kikaanza kuuma, kama mguu uliokaliwa sana unapoanza kurudiwa na damu.

Akatoa simu, akampigia shangazi, akaongea Kichaga kwa haraka na kwa muda mrefu. Nilisikia neno bahasha mara mbili. Halafu akanipa simu.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

Nilisikia kuku wake wakilia kule Machame. Sikurudia salamu, nilisubiri tu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Nikaketi pale kwenye ngazi, kando ya mdogo wangu, nikaanza kumlilia mama.