Boti Mbili za Kwenda Nkombo

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na jana umenikumbusha wewe mwenyewe. Jana hiyo tulikuwa bandarini Kamembe, tunakwenda kisiwani Nkombo kuwashukuru ndugu waliokuja kumzika Mzee Anselimu. Mume wako alikuachia mtoto, akaenda kupanda boti iliyotangulia. Ulimtazama, kisha ukanitazama mimi mama yake. Jicho lile nalijua. Lilikuwa langu.

Mzee Anselimu, baba mkwe wangu, alikuwa askari wa majini hapa Ziwa Kivu kabla ya kurudi Nyakarenzo kulima. Nilipoolewa na mwanawe nikitokea Bukavu, ng'ambo ya Kongo, shangazi yangu alinionya kwamba askari mzee hakosi siri, na mimi kwa kushuku sihitaji kusukumwa. Niliona hapandi gari moja na mkewe, hata la kwenda kanisani. Mmoja anatangulia, mwingine anafuata. Majirani walisema ana wivu, wengine wakasema hao wawili wanachukiana, wanatuficha tu. Lakini nyumbani alimmenyea mkewe ndizi, alifua nguo za watoto na kuzipiga pasi, mwanaume mzima, bila aibu. Nikashuku hata ndizi zile.

Siku ile ninayoikumbuka tulikuwa tunakwenda Nkombo kwenye harusi, na mwanangu wa kwanza nimembeba mgongoni. Mzee akatugawa: mimi na yeye boti ya kwanza, mume wangu na mama mkwe ya pili. Kisha akanyoosha mikono kunipokea mtoto, ampeleke kwa baba yake. Hapo moyo ulinipasuka. Niliona wazi kwamba wanamtaka mtoto wao tu, mimi nirudishwe Bukavu. Nikakaza kitenge, nikarudi nyuma, watu wakituangalia. Nilikuwa tayari kuvunja nyumba yangu palepale.

"Papa," nikamwambia, "munataka kuniibia mutoto?"

Hakukasirika. Alishusha mikono, akaongea polepole kama mtu anayeumwa.

"Nilikuwa ku marine. Siku moja tulitoa mu maji baba, mama na batoto bote ba nyumba moja. Boti moja tu ilibamaliza. Tukabalalisha ku muchanga, hakuna muntu wa kusema hawa ni bangu." Akamtazama mtoto mgongoni kwangu. "Baki na mutoto kama unataka. Lakini bwana yako apande ile ingine."

Sikumwamini sawasawa. Nilipanda na mtoto wangu, safari nzima namchungulia. Tulipofika, ndugu za mkewe walikuja kutupokea kwa nyimbo. Hakuwapa mkono. Alisimama na viatu ndani ya maji, macho ziwani, nao wakanung'unika kwamba ana dharau. Boti ya pili ilipofika na mkewe akashuka, ndipo Mzee alipokaa juu ya mawe na kuomba maji ya kunywa. Nililia, mwanangu, kwa aibu na kwa kumpenda.

Mpaka uzee wake hakuacha kutugawa boti mbili. Na yule mtoto wa mgongoni ndiye mume wako.

Sikukatazi kushuku. Hata mimi leo nikisikia watu wanacheka chumba cha pili, najua wananicheka mimi. Lakini shaka yako usikae nayo kifuani mpaka ufunge mizigo. Itoe mdomoni, muulize mwenyewe. Mimi niliuliza vibaya, tena mbele ya watu, lakini niliuliza, ndiyo maana nimezeekea nyumba hii.

Jana ulishuka Nkombo umenuna, ukampita mume wako pale ufukweni bila kumsalimu. Hukuona kwamba viatu vyake vimelowa.

Nenda kamuulize. Mungu akujalie siku zote mtu wa kukungoja amesimama, na awafikishe nyote, boti ya kwanza na ya pili.