Chale ya Njano Nyuma ya Tangi

Fundi huyu ana miaka hamsini na minane, na hulala chini ya gari kama mtu aliyejilaza kwake: kiganja kimoja kifuani, macho juu. Gereji nzima inamwita Chale. Kila boliti anayoikaza huipiga mstari mmoja wa rangi ya njano, kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, boliti imelegea. Mstari ukiwa mzima, mwenye gari na alale usingizi wake. Wateja wa zamani husema gari lao limechanjwa.

Gereji ni ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa haraka anayekunywa chai akiwa amesimama. Wameishi hivyo miaka kumi na mitano, mmoja akivuta, mwingine akishikilia.

Jumanne asubuhi aliingia mshona mapazia. Ni mjane wa makamo, futi ya kupimia shingoni, na gari lake la mizigo lina umri wa mtu wa kuoa. Alilinunua miaka minne iliyopita likiwa limeshapakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine. Nyuma alikuwa na ngazi, fimbo za chuma na mapazia ishirini na mawili ya wodi ya kina mama. Kesho yake saa mbili asubuhi yalitakiwa yawe yananing'inia, la sivyo kazi ya wodi nyingine mbili angepewa mtu mwingine.

"Linagonga nyuma," alisema. "Kama mtu anayebisha hodi na hataki kuingia."

Chale alilitikisa mara moja akajua. Bushi ya mkono unaoshikilia gurudumu ilikuwa imekwisha. Bushi ni kitu kidogo, mpira na bomba la chuma katikati. Kazi ni kuitoa boliti inayopita ndani yake.

"Saa nane utaondoka, mama."

Mama akakaa kwenye benchi, akatoa pindo ambalo halijamalizika, akaendelea kushona.

Nati ya upande wa nje ilitoka kwa kusihiwa kidogo. Boliti yenyewe ikagoma. Chale aliisugua kwa brashi ya waya, akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akaiacha inywe. Akaigonga kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, mfano wa mtu anayemwamsha mgonjwa. Akaikaza kidogo kabla ya kuilegeza, maana kutu hukatika vizuri ikisukumwa huku na huku. Boliti ilizunguka, na bomba la bushi likazunguka nayo. Vilikuwa vimeshikana vikawa chuma kimoja.

"Hii ilifungwa kavu," alisema kwa sauti ya kutoka chini. "Hakuna hata tone la grisi. Boliti kavu ni ndoa ya kulazimishwa, haiishi kwa heri."

Kisha akapapasa upande wa pili, akapapasa tena. Kichwa cha boliti kilikuwa kimeelekezwa kwenye tangi la mafuta, na nafasi iliyobaki haikuzidi vidole viwili. Hata ingelainika ikawa siagi, isingepata pa kutokea.

Hapo ndipo Chale alipofungua kinywa. Alimtukana fundi aliyeifunga, akatukana mikono yake, akasema mtu huyo babake hakumfundisha hata kufunga kamba za viatu. Mama aliinua macho kutoka kwenye pindo, akatabasamu.

"Kata na gesi," alisema shemeji.

"Pembeni ya tangi? Unataka tumrudishie mama majivu?"

"Basi lishushwe tangi. Nusu siku nyingine." Shemeji akamgeukia mama. "Umesikia mwenyewe. Kosa la fundi wako wa zamani. Kazi imeongezeka, itabidi tuelewane upya, na saa nane isahau."

Mama aliacha kushona. "Mimi hata huyo fundi simjui," alisema. "Nilinunua gari, sikununua na makosa yake."

Chale alichukua kioo kidogo cha mkono na tochi ili aone tangi limeshikwa wapi. Akakipenyeza juu ya tangi, akakigeuza. Kwenye kioo kilionekana kichwa cha boliti, kikavu, hakijafikiwa na matope wala mawe. Juu yake kulikuwa na mstari wa njano, umekatika pale tu alipoizungusha boliti asubuhi ile.

Alijaribu kuikumbuka siku aliyoifunga, hakuipata. Gari jeupe? La bluu? Alikuwa mgonjwa, alikuwa na haraka, mteja alikuwa amemsimamia kichwani? Hakuna kilichokuja. Mkono ulikuwa wake, siku haikuwa yake. Kutoka pale chini aliona viatu vya mama, visigino vimelika upande mmoja.

Akajivuta nje, akakaa chini.

"Mama, boliti hii niliifunga mimi."

Shemeji alimshika bega, akamvuta mpaka kwenye rafu ya matairi. "Una wazimu? Nani angeingiza kichwa huko juu akaone?"

"Mimi nimeingiza, shemeji."

"Wanakuja hapa kwa ajili ya jina lako."

"Basi waambie na hili."

Walipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yao, sindano mkononi.

"Kwa hiyo asubuhi yote ulikuwa unajitukana mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule baba asiyemfundisha mwanawe?"

"Ni marehemu babangu."

Mama alicheka mpaka akaegemea gari lake. Kisha akaacha. "Mimi bado nina mapazia ishirini na mawili, fundi."

"Utaondoka leo. Na nyongeza hakuna. Hiyo ni juu yangu."

Shemeji alitazama saa, akatazama dari. Kisha akavua shati safi, akaleta jeki ya pili. Walilishusha tangi wawili. Saa tisa boliti ilitoka kwa mlio mrefu, nyekundu kama mhogo uliochimbwa kwenye udongo mwekundu. Bushi mpya ilikaa mahali pake, boliti mpya ikapakwa grisi, ikaingizwa kutoka upande ambao mkono unafika. Chale akaipiga mstari wake.

Saa kumi na moja mama alivuka mtaro wa getini. Wote wawili walitega sikio. Hakukuwa na mbisha hodi.

Mapazia yalitundikwa, na wodi mbili zikafuata. Boliti ya zamani inaning'inia kwenye msumari juu ya kisanduku cha spana, chale yake ikiwa bado inaonekana. Shemeji hupenda kuwaonyesha wageni. Siku hizi boliti ikigoma, Chale huitukana kutu tu.