Nafasi Iliyobaki Kando ya Mama Mkwe

Siku ya kuamua binti yetu atakaa kwa nani, nilifika mahakamani hapa Kolwezi na shati lililojaa vumbi la teksi ya pikipiki, wakili mmoja, na hotuba niliyoianza na Warumi wa kale. Ndoa ilikuwa imeshavunjwa bila kelele. Kwamba mtoto ataishi kwa mama yake, hilo nilikubali. Nilichoomba ni Jumamosi na Jumapili alale kwangu. Mke wangu wa zamani alinipa saa chache tu, nyumbani kwake, mbele ya macho yake.

"Huyu anasomaka, Tata zuzi," alimwambia hakimu, kwa sauti ya mtu anayemshtaki mlevi. "Mutoto analia njala, yeye eko anasoma."

Akamleta mama yake awe shahidi.

Chumba kilikuwa kidogo. Nilipomaliza kujitambulisha, nafasi moja tu ilibaki kwenye benchi: kando ya mama mkwe. Kwetu mwanaume hakai benchi moja na mama wa mke wake. Hamtazami machoni, wala hali mbele yake. Ndiyo heshima ya buko, ya ukwe. Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha kuicheka, nikapata alama nzuri. Inaonekana miguu yangu haikuisoma. Nilibaki nimesimama.

"Tata, ikala," hakimu alisema.

"Niko muzuri, Tata zuzi. Pale kuko mama buko."

Akavua miwani. "Si ulikuya hapa kukata buko?"

"Nilikuya juu ya ndoa. Juu ya mama, hakuna mutu alinipatia karatasi."

Watu wakacheka. Mama mkwe alijifunika uso na kitenge, mabega yakatikisika. Nilidhani analia.

"Mama," hakimu alimwuliza, "huyu tata anajua kulisha mutoto?"

"Umuulize, Tata zuzi, sombe anapikaka namna gani."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, lakini mama mkwe hasemi na mkwe wake moja kwa moja. Hakimu akanigeukia.

"Mama anauliza sombe."

"Umwambie mama, na mawese na karanga."

"Umuulize kama anaitwangaka mbele."

Sombe, majani ya muhogo, hutwangwa kwanza ndipo yapikwe; wakili wangu alininong'oneza niseme ndiyo.

"Umwambie mama... naikatakata na kisu."

"Yesu wangu!" mama mkwe aliliambia dari. Mke wangu wa zamani akaangua kicheko, kile cha zamani, kilichonifanya nimwoe.

"Kila siku ninabeba maneno ya watu wasiotaka kusemeshana," hakimu alisema, "lakini ni leo tu ninaona wanafurahi."

Mama mkwe akasimama. "Tata zuzi, sombe yake ni ya kupatia mbuzi. Lakini mutu mwenye kusimama juu ya heshima yangu, hata leo, hatamuangusha mujukuu wangu. Umupatie izo siku. Ila mutoto atokeye kwangu, na arudiye kwangu, nimuangalie kama alikula."

Hakimu alimtazama mke wangu wa zamani. Naye, akijifuta machozi ya kicheko, akasema, "Sawa." Hotuba yangu ilirudi mfukoni na Warumi wake wote.

Sasa kila Jumamosi nafika Dilala, kwa mama mkwe, nabisha hodi kwa makofi kwenye uzio. Mwenyewe anakimbilia nyuma ya pazia, na binti yangu anatoka na bakuli la sombe iliyotwangwa.

"Kambo anasema ulikonda." Kambo ndiye bibi yake, yule wa nyuma ya pazia.

"Umwambie kambo, ninashukuru."

"Anasema kushukuru haishibishe." Kisha, bila kupepesa macho: "Anasema tena uninunulie mikati ya mafuta pa njia."

"Mi sikusema ivyo!" pazia linapiga kelele.

Hapo mama mkwe amenijibu mwenyewe, bila mjumbe. Kwa heshima yake, najifanya sikusikia. Na mikati nanunua.