Viazi Mia Mbili vya Mwalimu Lamei

Galila aliyasoma maandishi ya daftari la marehemu mumewe, Mwalimu Lamei, kwa mara ya saba, na kwa mara ya saba hakuelewa kitu. "Mchezo wa tatu. Viazi vidogo mia mbili, vichemshwe na maganda. Kila mtu agonganishe chake na cha jirani. Chenye ufa kimeshindwa, na mwenye nacho amfuate mshindi nyuma akiliita jina lake."

Kiazi kilichochemshwa kitapataje ufa?

Lamei aliaga dunia mwezi wa Agosti, Bwana amlaze pema. Kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyeendesha michezo ya Krismasi katika ukumbi wa kanisa lao hapa Minya, na miaka yote hiyo Galila hakuiona hata siku moja. Alikuwa jikoni. Akisikia watu wanapiga kelele ukumbini alitabasamu tu, akaendelea kukoroga.

Mwaka huu nyumba yake haikuoka biskuti za sikukuu, kwa kuwa ilikuwa na msiba, naye alivaa nyeusi. Lakini aliposikia kwamba Ustadhi Nasim, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, anataka kumkodi mtu wa vipaza sauti wa harusini, alijikuta mlangoni kwa padri wao, Abuna Takla, kabla hajafikiri.

"Abuna, michezo ya Lamei niachie mimi."

"Una msiba, Mama Bishara."

"Ninao. Ni dhambi?"

"Kuwafurahisha watu siku aliyozaliwa Bwana si dhambi, binti yangu. Ila Nasim kashasema: mwaka huu ikiharibika, mwakani ni vipaza sauti, na daftari la Lamei likapumzike."

Basi alasiri ya sikukuu Galila akasimama mbele ya watu mia mbili. Mchezo wa viti ulipita. Wa kuvuta kamba ulipita pia, ingawa alisahau kuhesabu na wanawake wakaanza kuvuta kabla wanaume hawajashika. Kisha akagawa viazi.

Watu walivitazama viazi, wakamtazama yeye, wakatazamana. Hakuna aliyeuliza neno. Wakaanza kugonganisha, taratibu, kama watu walio ibadani.

"Changu kimekuwa uji," mmoja akanong'ona.

"Nyamaza, ugonge."

"Nagonga nini sasa? Uji?"

"Gonga hivyo hivyo! Humwoni mwenzio na nyeusi yake?"

Galila alizunguka huku na huku akitafuta ufa. Hakuuona. Hapakuwa na aliyeshindwa wala aliyeshinda, na viganja vya kanisa zima vilikuwa vinanata. Ee Bwana, nimekosea wapi? Lamei, nimekosea wapi?

Ustadhi Nasim akamsogelea, kiazi mkononi. "Dada yangu, nimpigie simu yule wa vipaza sauti, au tungoje viote kwanza?"

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguliwa, akatokea Mama Efrosina, mpishi mwenzake wa siku zote. "Nyinyi! Mayai mnakuja kuchukua lini? Yamepoa!"

"Mayai ya kula?" Galila akauliza.

"Ya kula baadaye! Kwanza si yanagonganishwa?" Efrosina akaviona viazi. "Yesu wangu. Hivyo vilikuwa vya mazoezi! Mazoezi yalifanywa wakati wa mfungo wa Krismasi, mayai hayaliwi. Lamei angethubutu kuleta mayai kanisani watu wamefunga?"

Galila hakujua aangalie wapi. Miaka ishirini na sita! Kila mwaka alikuwa akichemsha mayai mia mbili kwa mikono yake, akidhani ni chakula tu, na yaliporudi mezani yana nyufa aliwalaumu watoto.

"Na nyie mlijua?" akauliza ukumbi mzima.

"Tulijua," Nasim akasema, akijifuta kiganja kwenye suruali. "Nani angekwambia, dada?"

Masinia yakaletwa. Sasa ukumbi ulilipuka. Mayai yaligongana kila pembe, walioshindwa wakapanga mstari nyuma ya washindi, wakiita majina kwa sauti zote. Galila akatiwa yai mkononi. Akamgonga Nasim, la Nasim likapasuka. Akamgonga mwingine, na mwingine.

Nyuma yake wakaanza kuita. Hawakuita Mama Bishara kama kawaida, kwa sababu kanuni ilitaka jina lenyewe. "Galila! Galila!" Nasim alipaza sauti kuliko wote.

Tangu Agosti hakuna kinywa kilichomwita hivyo. Lamei peke yake ndiye aliyemwita hivyo. Galila alicheka, akajikuta analia, asijue kipi kilianza wala kama mjane anaruhusiwa vyote viwili kwa pamoja. Alimtafuta Abuna ili amuulize, akamkuta amesimama mbele yake, akiongoza mstari mwingine pekee uliobaki, na yai lake tayari.

"Gonga, Galila," padri akasema. "Mwakani nitalipiza."