Ngoma Iliyoningoja Mlangoni

Naikumbuka vizuri siku niliyompiga mama yangu teke mlangoni mwa kanisa, mbele ya wazee wote. Usijizuie, mwanangu, cheka tu, hata mimi hucheka. Nilikuwa darasa la tatu, huko Kifanya. Wingu lilikuwa limetanda, mama ananivuta niingie ndani, na mimi nimeng'ang'ania nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

Nilikuwa na sababu. Muda si mrefu kabla ya hapo baba alikuwa ameezeka nyumba yetu kwa bati, akawa anatembea kijijini kifua mbele utafikiri ameezeka wilaya nzima. Kisha ikaja mvua ya mawe na upepo. Mabati ya upande mmoja yakang'oka, ukuta ukamwangukia kaka yangu Obedi. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu nawe sasa. Nilimwona akifungua mdomo kuniita, na sauti yake sikuisikia hata kidogo, kwa kelele za mawe juu ya yale mabati yaliyobaki. Walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Lakini mimi, tangu siku ile, mvua ikinyesha sikai chini ya bati.

Nikahamia jikoni kwa bibi, kwenye paa la nyasi, ambako mvua inanyesha kwa adabu. Shule ilikuwa ya bati, na kanisa pia. Wingu likijitokeza tu, nachomoka darasani, mbio mpaka kwa bibi. Mwalimu alinichapa mpaka akachoka yeye. Baba akaanza kusema basi, nikae nyumbani nichunge mbuzi, shule imenishinda. Na kila mtu alikuwa na neno lile lile: nyamaza, mshukuru Mungu, kaka yako yu hai. Nilishukuru kweli, na woga ukabaki pale pale.

Sasa siku hiyo ya teke akatokea Mzee Lusungu, aliyefundisha matarumbeta ya kanisa, mzee mfupi mwenye koti kubwa la baridi na mdomo usiopumzika.

"Kamwene, mama Obedi," akasalimia. "Kwani huyo ni mbuzi, unamvuta hivyo?"

"Babu, ananiaibisha. Mvua yenyewe hata haijaanza!"

"Mwachie. Wewe unaangalia mvua ya leo. Mwenzio bado yuko kwenye ile ya siku ile, na hujamuuliza ilikuwaje."

Mama akaniachia. Mzee akachuchumaa kwenye nyasi na koti lake, akaniuliza, "Ilikuwaje, mwanangu?" Nikamwambia yote, mpaka ule mdomo wa Obedi. Hakunikatisha wala kunipa pole ya haraka haraka. Akaingia ndani, akatoka na ngoma, ile ndogo inayopigwa pamoja na matarumbeta, akaiweka nje kabisa, mbali na bati.

"Hii ni yako," akasema. "Iweke unapotaka wewe. Tukifanya mazoezi, utatupigia kutoka huko huko."

Mimi! Mimi niliyekuwa nafukuzwa kama kuku, nikapewa ngoma! Niliipiga kule nyasini mpaka ng'ombe wa mchungaji wakahama. Mazoezi yaliyofuata nikaisogeza barazani. Kuna siku niliirudisha nyasini, wenzangu wakaanza kunicheka, mzee akawakata jicho wakanyamaza. Halafu nikaifikisha mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, tayari kuruka.

Ndipo mvua ikatukuta. Ilianza kidogo kidogo juu ya bati, halafu ikamwagika yote. Nikageuka nikimbie. Na hapo, mwanangu, nikasikia tarumbeta! Obedi, ambaye mzee alikuwa amekwisha kumfundisha kupuliza, magongo yake yameegemea benchi, mashavu yamevimba kama maandazi, anapuliza huku ananitazama mimi. Na nilimsikia! Mvua inanguruma juu ya bati, na mimi namsikia kaka yangu! Nikaipiga ile ngoma, nalia na kucheka, nikaingia nayo ndani mpaka nikasimama mbele yake. Mzee Lusungu akapaza sauti, "Ongezeni! Mvua bado inatushinda!" Tukaongeza mpaka ikakatika yenyewe. Jumatatu wingu lilipotanda nilibaki darasani.

Ndiyo maana nimepanda gari kutoka Njombe mpaka hapa Makambako, na goti hili bovu, niliposikia upepo uliezua nyumba yenu na kwamba, hata baada ya kuiezeka upya, mwanao Furaha hataki kulala ndani. Nimeona umemnunulia viatu vipya ili asahau. Viatu vizuri sana, lakini muulize ilikuwaje, halafu umsikilize, hata akirudia hadithi ile ile kila jioni. Usimwambie wapo walioumia kuliko yeye. Usimvute kwa nguvu, na usimcheke akirudi nyuma, maana leo atarudi na kesho atasogea. Mrudishe kwenye mambo aliyoyazoea, shule, sala, kufua soksi zake, na acheze na wenzake mpaka achafuke. Wiki zikipita na bado halali wala hali vizuri, mpeleke kituo cha afya, si aibu hata kidogo. Na wewe mwenyewe, mama mtu, ukitaka kulia, lia. Nipo.

Unauliza nilibeba nini kwenye kile kiroba nilichokuja nacho? Ngoma! Ile ile, mzee aliniachia. Nimeiweka nje pale kwenye nyasi tangu asubuhi, na sasa hivi, tazama dirishani, Furaha anaizunguka! Usimwite! Kaa hapo hapo, mwache aisogelee mwenyewe.

Mungu wetu awape paa lisiloezuliwa tena, na chini yake, mvua ikija kwa nguvu zake zote, msikiane.