Siga za Baba Mkwe Wangu

Nikipita Koboko siku hizi sishuki kwenye pikipiki, na nikilazimika kushuka navaa kofia na kuivuta mpaka kwenye nyusi, kwa sababu pale mjini kuna wazee watatu ambao wakiniona wanafuta midomo, na nyinyi mmeniuliza mara nyingi mno kuna nini, basi leo niacheni niseme mwenyewe kabla hamjaletewa ile ya mtaani ambayo wameitia chumvi (ingawa kusema kweli haikuhitaji chumvi).

Mwaka jana mke wangu Mariamu alirudi kwao. Hakugombana na mtu, aliosha vyombo, akafunga mzigo wake, akapanda gari la Koboko. Mnajua mimi hapa Mvara, mjini Arua, nina duka la mbegu na dawa za mifugo, toka asubuhi watu wananiuliza, kuku wangu anahara, mihogo yangu ina madoa, na mimi najibu, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hata swali la mke wangu nililijibu mwenyewe: ameondoka kwa sababu ya paa. Paa letu lilikuwa linavuja kweli. Nikanunua mabati, nikaezeka upya, nikamwambia kila aliyeniuliza kwamba shida ni paa, nikamtumia ujumbe kwamba paa liko tayari, nikangoja. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Nilikuwa siwezi kukaa, jamani. Nafungua duka, nalifunga, nalifungua tena, nakula nimesimama, simu ikitingishika mfukoni naruka, kumbe ni kampuni ya simu inaniuzia muziki.

Mwezi wa nne baba mdogo wangu wa Manibe akasema inatosha, twende kwa baba yake tukamwombe kwa heshima, na Jumamosi ikapangwa.

Sasa huyo baba yake, Afande Ismaili, ni mwanajeshi mstaafu, na ana ugonjwa mmoja tu, siga. Siyo sigara hizi za pakiti, siga, ile nene iliyokunjwa kwa majani matupu bila karatasi. Alipelekwa kozi ng'ambo akiwa kijana, akarudi nayo. Jumamosi wanakaa barazani kwake yeye na wenzake wawili wa jeshini, mmoja wanamwita Sajini, mwingine Fundi kwa kuwa alikuwa fundi wa malori, na wanabishana kuhusu siga namna watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Sajini anapenda zile nyembamba nyeusi, kali, zinazomaliza ubishi haraka. Fundi anapenda za rangi hafifu kutoka Jamhuri ya Dominika, anasema hazimgombezi. Afande yeye ni ya Kuba tu, nene, yenye utepe mwekundu kiunoni, na alishanieleza mara nyingi (nikiitikia bila kusikiliza) kwamba siga ya maana ukiibonyeza inarudi polepole, moshi wake unakuja bila kuuvuta kwa nguvu, inaungua sawasawa pande zote, na majivu yake hayadondoki mpaka uyaangushe wewe. Na moshi unaishia mdomoni, haumezwi. Hiyo ya Kuba huwa anaipata mara moja kwa mwaka akibahatika.

Nikaona njia. Nina rafiki, Geofrey, dereva wa magari ya wageni, yuko Entebbe kila wiki. Nikamwomba, akahangaika, akanipatia tatu, za Kuba, utepe mwekundu, ndani ya kisanduku cha mbao. Akaniletea mpaka dukani siku kumi kabla ya safari, akasema, "Swaibu, hii usifungue. Weka pahali hakuna jua, basi. Ukiwa na swali, nipigie." Nikamwambia ndiyo, ndiyo, asante.

Geofrey hajafika hata kwenye lami, nimeshafungua.

Mnielewe. Mimi nimezaliwa Manibe, kwenye tumbaku. Nimelala chini ya tumbaku iliyoanikwa, nimesomeshwa kwa tumbaku, na sasa Geofrey, ambaye kwao wanalima ndizi, aniambie mimi nisiguse majani? Nikaichukua moja, nikaibonyeza, nikaona imekauka. Nani alinihakikishia imekauka? Vidole vyangu. Mvua zilikuwa zimesita, vumbi kila mahali, hata midomo ya watu imepasuka, nikawaza hizi zitafika Koboko zimekuwa unga. Kwetu majani yakikauka kabla ya kufunga mafurushi tunayarudishia unyevu kidogo, na mama yangu alikuwa na njia moja tu, anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya majani, yanashuka kama manyunyu. Basi. Nikajaza maji mdomoni.

Nilipuliza mara mbili. Halafu kwa kuwa sikuweza kutulia, nikarudi jioni nikapuliza tena, na asubuhi tena, na hivyo hivyo siku tatu.

Siku ya nne siga zilikuwa zimevimba, na ngozi ya juu, lile jani laini la nje, imepasuka kwenye zote tatu. Hapo mtu mwenye akili angepiga simu. Nilishika simu kabisa, nikaliona jina la Geofrey, nikaiweka chini, kwa sababu nilishapata jibu: nitazikausha juu ya jiko la makaa, mbali kidogo, kama tunavyokausha majani kwa moto, na zile nyufa nitazigandisha kwa uji wa muhogo, ambao ukikauka ni gundi nzuri kuliko ya dukani. Nikakoroga uji, nikapaka kwa unyoya wa kuku, nikalainisha kwa kidole, nikarudisha tepe nyekundu mahali pake. Kwa mbali zilipendeza. Mpaka leo nasema kwa mbali zilipendeza.

Jumamosi tukaondoka mapema kwa pikipiki, baba mdogo nyuma yangu amekikumbatia kisanduku, na kuivuka wilaya ya Maracha tu nilisimama mara nne kukiangalia, mpaka akaniambia kwa upole kwamba siga hazitoroki.

Tulipokelewa vizuri, na hilo ndilo linaniuma. Afande kwenye kiti chake, Sajini na Fundi kulia na kushoto kama mahakama, sisi kwenye mkeka, Mariamu na mama yake nyuma kidogo karibu na mlango. Nilikuwa sijamwona miezi minne. Amekonda kidogo, amesuka nywele upya, hakuniangalia. Baba mdogo akasema maneno mazuri, akakiri kwamba paa lilivuja, akasema limeezekwa, akaweka kisanduku mbele ya Afande, na Afande alipoona utepe mwekundu nikaona uso wake wote umelegea.

"Hii mutu iko na heshima," akawaambia wenzake kwa Kiswahili chao cha kambini. "Mimi nalisema zamani. Mariamu, sikia. Mimi naona maneno imeisha. Wewe narudi na bwana yako, kesho asubuhi."

Mariamu akasema, "Baba, mimi nilikuambia, huyu haulizi. Hajawahi kuuliza."

"Hiyo iko maneno ya bibi na bwana," akasema Afande. "Sisi kwanza navuta."

Nilikuwa nimeshinda. Mtu mwenye bahati angeanguka akazimia hapo hapo, na kesho yake angeamka ana mke. Mimi nilibaki macho.

Afande akaipa kila mzee moja. Akaibonyeza yake, akaibonyeza tena. Akaiweka sikioni. Akaniangalia, lakini ugeni ni ugeni, akakata ncha ya siga yake kwa wembe, wenzake nao wakakata zao, wakawasha. Upande mmoja wa ile ya Afande ukashika moto, upande wa pili ukakataa. Akavuta, akavuta, mashavu yakaingia ndani, moshi hauji. Kisha ukaja, na pamoja nao ikaja harufu ambayo kila mtu pale aliijua toka utotoni, ya uji uliosahauliwa jikoni.

"Hii iko nanuka sufuria," akasema Sajini.

Nyamaza, Swaibu. Nilijiambia kabisa, nyamaza. Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ndivyo zilivyo za Kuba za mwaka huu, Afande," nikasema. "Ardhi yao imebadilika. Ile harufu ya kuungua ndiyo wanaitafuta sasa, inaitwa ladha ya nafaka." Namwambia mtu aliyevuta siga kabla sijazaliwa. Nikaendelea, nikaeleza mvua za Kuba, nikaeleza udongo wa Kuba, mimi ambaye mbali nilikofika ni Kampala, na wakati naeleza ile ngozi ya nje ikajifungua polepole, ikajinyoosha, ikanata kwenye sharubu za Afande na ute mweupe juu yake.

Halafu sauti ya Mariamu kutoka mlangoni. "Muulizeni kama ametia maji."

Afande hakuitoa siga mdomoni. "Wewe naweka maji?"

"Kidogo, Afande. Zilikuwa zimekauka."

"Nani nasema imekauka?"

"Nilizishika."

"Maji naweka na nini?"

Niliangalia mkeka. Na baba mdogo wangu, ambaye ananipenda, ambaye aliona mtoto wa ndugu yake anazama na akataka kuokoa heshima ya ukoo mzima, akasema kwa fahari, kwa Kiswahili hicho hicho cha kambini, "Na mudomo, Afande. Sisi yote ya Manibe nafanya tumbaku na mudomo. Iko safi, hapana dawa."

Wazee watatu wakazitoa siga midomoni kwa pamoja, polepole sana. Sajini alikwenda nyuma ya nyumba, tukamsikia anasukutua, akarudi, akakaa, akainuka akaenda tena. Fundi alianza kucheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Jirani alikuwa anapita nje na baiskeli, akasimama, na nadhani ni kupitia huyo hadithi ilifika sokoni kabla yangu.

Afande alijibandua jani sharubuni kipande kwa kipande.

"Hii mutu naletea wewe siga, hapana ambia wewe kitu?"

"Aliniambia nisifungue. Nikiwa na swali nimpigie."

"Wewe napiga?"

"Hapana."

Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Mimi nasema mutoto yangu naongeza chumvi," akasema. "Mimi nakosea. Sasa wewe ambia mimi. Mariamu natoka kwako juu ya nini?"

"Ni paa, Afande, maana lile paa…"

"Yeye nasema paa?"

Nikarudi nyuma miezi minne yote, siku baada ya siku, nikitafuta pale aliposema paa. Hakuna.

"Wewe nauliza yeye?"

"Hapana, Afande."

"Basi uliza. Yeye iko hapa."

Nikamgeukia Mariamu, nikaanza, "Najua kwamba wewe…" na baba mdogo akanifinya goti. Nikaanza tena. "Mariamu, kwa nini uliondoka?" Sauti ikatoka ndogo, na aibu yote ya siga haikufika robo ya aibu ya swali hilo, mbele ya watu, baada ya miezi minne.

"Leo umeuliza kwa sababu umeamrishwa," akasema. "Njoo siku ukitaka kuuliza mwenyewe."

Tukarudi Arua bila mke. Njiani baba mdogo alisema neno moja tu, kwamba labda mama yangu alikuwa anapuliza maji machache kuliko mimi.

Nilikaa siku tisa nikizunguka nyumba yenye paa jipya. Ya kumi nikaenda peke yangu, nikamkuta Mariamu kwenye shamba lao kijijini Dranya, anapalilia karanga. Sikutoa salamu ndefu. Nikauliza. Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, nikadhani hatajibu, ndipo akasema, "Ile simu."

Simu gani?

Simu ya chuo cha ushonaji cha Koboko. Walikuwa wamemchagua akafundishe, walipiga akiwa anaoga, nikapokea mimi, nikawaambia bibi yangu hana nafasi, ana kazi dukani, nikakata. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo, amenisikia. Mimi sikukumbuka. Nawaambia ukweli, nilisimama pale kwenye karanga nikiitafuta hiyo simu kichwani na sikuiona, kwangu lilikuwa swali la mteja kama mengine, nililijibu nikaendelea na chai yangu.

Nilikuwa na maelezo matatu tayari. Nikayameza. Nikauliza kama namba yao bado anayo, akasema anayo, nikauliza kama angependa kuwapigia, akafuta mikono, akapiga. Niliondoka mpaka ukingoni mwa shamba nisisikie. Aliporudi alisema nafasi imekwenda, wameshamchukua mtu mwingine, akashika jembe lake.

Alirudi Mvara baada ya kuvuna karanga, siyo kwa ajili yangu, alisema, ila cherehani yake ilikuwa kwangu. Sasa anashona kibarazani na anatafuta pengine pa kufundisha. Na simu yake ikilia mimi nachukua kiti changu natoka nje, hata kama mvua inanyesha.