Mama Yona na Toba ya Mdogo Wake

Kwenye korido ya idara ya theolojia kuna ukuta wenye picha za maprofesa, na chini ya kila picha kimebandikwa kikaratasi kinachosema huyu bwana au huyu mama anafundisha nini na anatafiti nini. Ukitaka kuwajua, soma pale. Wa kwanza amejichimbia kwenye nyaraka za Paulo, ndiyo maana akikuandikia ujumbe wa simu, salamu peke yake zinajaza kioo. Wa pili ni bingwa wa fumbo la Utatu. Mwulize saa ngapi, atakupa majibu matatu na kukuapia kwamba ni moja. Wa tatu anafundisha maadili ya Kikristo, na ndiye anayeegesha gari palipoandikwa usiegeshe. Wa mwisho, mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi, ndiye wetu. Chini ya picha yake paliandikwa: Agano la Kale, toba na msamaha katika kitabu cha Yona.

Wanafunzi walimwita Mama Yona, wala si kwa ubaya. Kitabu chenyewe ni kifupi, unakimaliza kabla chai haijapoa, lakini yeye aliingia humo akiwa msichana na hakuonyesha dalili ya kutoka. Jambo moja tu hakulivumilia: mtu kusema Yona alimezwa na nyangumi. "Nyangumi umemtoa wapi?" angeuliza, akishusha miwani. "Andiko linasema samaki mkubwa. Usimwongezee Mungu mifugo." Darasa lingeangua kicheko, naye angeendelea na somo bila kutabasamu, maana hakuwa anatania.

Sasa basi, mama huyu aliyeijua toba nje ndani alikuwa hasemi na mdogo wake wa tumbo moja. Naam, hamkusikia vibaya. Chanzo kilikuwa maziko ya mama yao. Mama alipozidiwa hospitalini, Profesa alikuwa ng'ambo kwenye kongamano, akiwaeleza wataalamu wenzake habari za watu wa Ninawi, ule mji aliotumwa Yona akakimbia. Mdogo wake, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyelala kwenye benchi la wodi, na ndiye aliyemnywesha mama uji kwa kijiko. Profesa alifika siku ya maziko yenyewe, begi mkononi. Na mdogo mtu aliposimama kutoa neno la familia, akasema hivi mbele ya jeneza:

"Mama ametufia mikononi. Dada yangu naye alikuwa tumboni mwa nyangumi, lakini ametapikwa, huyu hapa, tumshukuru Mungu."

Watu walicheka, kile kicheko cha watu waliolia mpaka wakachoka. Hata mchungaji aliinua Biblia akajiziba uso. Profesa hakucheka. Chakula kilipopakuliwa, mdogo wake akamletea sahani, akaikataa, akapanda gari akaenda zake. "Mbele ya jeneza la mama yangu!" alimwambia mumewe njia nzima. "Na tena kasema nyangumi!"

Tangu siku hiyo, mdogo mtu akipiga simu, inakatwa. Akituma salamu kwa mdomo wa shemeji yake, zinapokewa kwa "mh" moja, mlango unafungwa. Miaka ikapita hivyo. Watoto wa pande zote mbili wakajifunza kwenda kula kwa mama mkubwa na kwa mama mdogo kwa kunyatia, na Profesa akaendelea kufundisha msamaha kila muhula, tena vizuri sana.

Ndipo mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa maneno machache na kofia moja, akaleta habari. "Mdogo wako anahama," alisema. "Anakwenda kuishi kwa binti yake kule mbali. Ndege ni Ijumaa. Kwa umri wetu huu, mama, akienda ndiyo kaenda."

Profesa alishtuka. Alimpenda mdogo wake, asikudanganye mtu. Lakini mdomo ukatoa kitu kingine. "Aliyekosa aje aombe radhi. Mlango sijaufunga."

Mume akaupeleka ujumbe vilevile ulivyo, na Jumatano alasiri mdogo mtu akabisha hodi, mwavuli kwapani na fungu la ndizi mkononi. Bahati mbaya alimkuta dada yake anasahihisha mitihani, meza ya sebuleni imejaa karatasi, kalamu nyekundu iko wazi. Mimi huwa nailaumu ile kalamu. Mwalimu akiishika, hata sala ya Baba Yetu atatafuta pa kuichora.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Dada, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naondoka Ijumaa na sitaki kuondoka na donge hili. Nisamehe, yaishe."

Mwingine yeyote angemrukia shingoni. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Hiyo ni methali," alisema. "Methali si toba. Toba ina miguu minne, kama kigoda. Kwanza, kulitaja kosa. Pili, kulionea uchungu. Tatu, kuomba. Nne, kugeuka. Wewe umeniletea mguu mmoja, huo wa kuomba. Nikiukalia si nitaanguka?"

"Kule chekechea," mdogo wake alisema polepole, "watoto wakipigana tunawaambia shikaneni mikono, basi, nendeni mkacheze."

"Hapa si chekechea."

"Naona. Ni chumba cha mtihani."

"Taja kosa, mdogo wangu. Ulisema nini siku ile, na ulisema kwa nini. Ukianzia hapo, mengine nitakusaidia."

Mdogo wake alifungua mdomo. Akaitazama ile kalamu, akaufunga. "Hilo siwezi kuliita kosa, dada," alisema. Akashika mwavuli wake, akatoka. Ndizi aliziacha.

Mume alitokeza kutoka jikoni. "Umempa ngapi?"

"Hakujibu swali."

"Mimi nilikuwa natoa nusu alama kwa aliyeandika jina lake tu," alisema, akimenya ndizi. "Nilikuwa naihurumia ile njia aliyotembea kuja shule."

"Ndiyo maana walikuwa hawajui hesabu," Profesa akamjibu, akarudi kwenye karatasi zake. Lakini jioni ile mwanafunzi mmoja alipata alama ambazo hakustahili, kwa sababu msahihishaji alikuwa haoni vizuri.

Kesho yake, Alhamisi, katibu wa idara alimfuata ofisini. Katibu huyu ana sauti ya kengele, hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. "Profesa! Ukuta unabandikwa upya. Kila mtu aandike utafiti wake, sentensi mbili, zieleweke hata na mzazi aliyeleta mtoto. Wa Paulo ameleta kurasa sita, nimemrudishia. Nakusubiri hapa hapa."

Kazi ndogo hiyo. Ni habari aliyoisema maisha yake yote, nayo ndiyo iliyompa jina. Hoja yake ilikuwa kwamba toba ya watu wa Ninawi ilikuwa mbovu. Hawakuyataja makosa yao moja baada ya jingine. Hawakujua hata wanamwomba nani hasa. Walijivika magunia, wakawavika na ng'ombe, wakasema labda itasaidia. "Ningekuwa nawasahihisha mimi, wangefeli mpaka ng'ombe," alikuwa akiliambia darasa kila mwaka, na kila mwaka darasa lilicheka. Na bado Mungu akaipokea. Aliyekasirika alikuwa mtu mmoja tu, nabii mwenyewe, akaenda kukaa nje ya mji amenuna.

Profesa akaandika: *Natafiti kwa nini Mungu alipokea toba ambayo mwalimu yeyote angeikataa. Natafiti pia kwa nini aliyemjua Mungu vizuri kuliko wote ndiye aliyenuna.*

Akaisoma karatasi. Akairudia, safari hii miwani mkononi.

"Mungu wangu," alisema, na haikuwa theolojia.

"Imekosewa?" katibu akauliza.

"Haijakosewa. Ibandike." Alikuwa ameshashika mkoba.

"Profesa, una darasa!"

"Waambie wakisome kitabu chenyewe. Kina sura nne tu!"

Alimkuta mdogo wake katika nyumba iliyokwisha kuvuliwa mapazia, amepiga magoti akipigana na zipu ya sanduku. Pumzi zilikuwa zimemwisha Profesa kwa kupanda ngazi, lakini alisimama wima pale mlangoni, mwalimu ni mwalimu.

"Nimekuja kutubu," alisema. "Kwanza, kulitaja kosa."

"Dada, kalia sanduku."

"Nini?"

"Halifungi. Kalia."

Akalikalia. Basi toba ya mtaalamu wa toba ikatolewa juu ya sanduku la nguo, miguu ikining'inia, mdogo wake chini akivuta zipu.

"Sikukasirika kwa sababu ulisema uongo," alisema. "Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Nilijua mama anaumwa kabla sijapanda ndege. Nilijua, nikaenda. Mama anakata roho, mimi nimesimama mbele ya watu nawaeleza habari za mtu aliyekimbia. Ukaubeba mzigo wote peke yako, halafu nikataka wewe ndiye uniombe radhi." Miguu mingine ya kigoda hakuifikia, alilia kwa kwikwi, mabega yanapanda na kushuka.

Mdogo wake aliiacha zipu.

"Yale maneno hayakuwa yangu," alisema.

"Maneno gani?"

"Ya nyangumi. Ni ya mama. Kila muuguzi akiingia na kumwuliza, 'Bibi, yule mwanao mwingine yuko wapi?' anasema, 'Yuko tumboni mwa nyangumi, lakini atatapikwa tu, msimharakishe.' Anacheka mpaka anakohoa. Wodi nzima ilikuwa inakusubiri, dada. Siku ile niliposimama sikuwa na neno langu hata moja, nikasema la kwake."

Profesa alimtazama, mdomo wazi. "Na jana? Mbona hukuniambia?"

"Miaka yote ulikuwa unakata simu. Jana nilitaka kusema, nikaiona ile kalamu yako. Sikutaka mama asahihishwe."

"Kweli alisema nyangumi?" Profesa akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyangumi. Nikamwambia, mama, dada akisikia atakasirika. Akasema, 'Nataka akasirike. Aje hapa anisahihishe.'"

Lo, hapo dada mtu alicheka na kulia kwa pamoja, makamasi na yote, akamshika mdogo wake kichwa akakibana kifuani kama walipokuwa wadogo. Wala hakusema kitu juu ya samaki mkubwa, si siku ile wala baadaye.

Walipotulia, mdogo mtu alijifuta uso kwa blauzi iliyokuwa inasubiri kupakiwa. Akaingia jikoni, akarudi na sahani moja iliyobaki nje ya maboksi, imejaa wali. Akaiweka juu ya sanduku, karibu na mkono wa dada yake.

"Mama alisema na hili," akasema. "Kwamba ukifika, kabla ya neno lolote, upewe chakula. Nilikuletea siku ile ukakataa."

Profesa aliivuta sahani, akala, hakubakiza hata punje.